Mtoto wa Nani Huyu?

Kama ulikulia kwenye ploti, swali hili unalijua. Umetumwa dukani kununua unga na mafuta ya taa, ukasimama njiani kucheza bano, na bila kukusudia umevunja kioo cha dirisha la watu. Mara unashikwa sikio na mama ambaye hujawahi kumwona maishani. Hakuulizi jina lako, jina lako halina kazi kwake. Anakuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Hapo ndipo unapata tumbo joto, kwa sababu jibu lina mambo mawili ndani yake. Ukisema "wa Mama Fulani," umejichoma mwenyewe: habari itafika nyumbani kabla hata unga haujafika. Lakini pia umeokoka. Yule mama sasa anajua kuna mtu mahali fulani anakungoja, na hiyo peke yake inamfanya alegeze vidole. Atakugombeza sana, labda akuzabe kofi moja, kisha atakuachilia uende.

Nimekuwa nikilifikiria swali hili kwa karibu mwaka mzima. Nataka kueleza kwa nini, na siwezi kueleza bila kukiri jambo ambalo sijawaambia hata marafiki zangu wa karibu.

*

Ilikuwa Ijumaa jioni, natembea kutoka steji kuelekea kwangu, Zimmerman. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimenyakuliwa simu nikiwa ndani ya matatu, dirisha wazi, simu mkononi, unajua vile inakuwa. Ilikuwa simu ya mkopo. Kwa hivyo kila asubuhi nilikuwa nalipia kitu ambacho mtu mwingine alikuwa anakitumia. Ndani yake kulikuwa na makala mbili ambazo sikuwa nimemtumia mhariri, na mimi hula kwa makala. Kazi ilipotea, mwezi huo nikachelewa kulipa kodi ya nyumba, na mwenye nyumba akanifungia mlango kwa kufuli lake siku mbili. Mtu akiniuliza wakati huo nafikiri nini kuhusu wezi wa simu, nilikuwa na jibu fupi.

Basi nikasikia "Mwizi! Mwizi!" Watu wakaanza kukimbia, si kwa kuhepa bali kwa kufuata. Nikafuata. Karibu na ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi walikuwa wamemshika kijana mmoja, labda wa miaka 19, jezi ya mpira imepasuka mgongoni, kiatu kimoja hakipo. Mwenzake alikuwa ametoroka na simu ya abiria. Yeye hakuwa na bahati.

Sikuuliza ameiba nini. Sikuuliza kama ni yeye. Nilipenya katikati ya watu nikampiga teke moja. Lilimpata ubavuni. Naliandika hapa wazi kwa sababu kila nikisoma insha kuhusu umati na haki ya barabarani, mwandishi huwa amesimama kando, anatazama, anasikitika kwa niaba yetu. Mimi sikuwa kando.

Kisha yule kijana akalia, "Mama! Mama wee!"

Hakumwita Mungu. Hakuwaita polisi. Hakusema "sijaiba." Alimwita mtu ambaye hakuwa pale na ambaye hangeweza kufika. Na mimi ile sauti naijua. Naijua kwa sababu nimewahi kuitoa mwenyewe, nikiwa na miaka kama mitano, nimefungiwa kwa bahati mbaya kwenye choo cha nje usiku. Ilikuwa sauti ileile, na ule mvutano uleule mwishoni mwa neno. Mguu wangu, ule uliokuwa umepiga, ukakosa nguvu.

Kando ya barabara kuna mama mzee anayeuza sukuma wiki, sote humwita Shosho. Alikuja polepole, aproni kiunoni, kisu chake cha kukatia mboga bado kiko mkononi. Watu walimpisha, nadhani kwa sababu ya kisu. Akatazama chini, kisha akatutazama sisi. Akauliza, si kwa sauti kubwa:

"Huyu ni mtoto wa nani?"

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Wa shetani, Shosho, rudi kwa mboga zako." Tayari kuna mtu alikuwa anabiringisha tairi kuja upande wetu. Shosho akauliza tena, vilevile, kama mtu ambaye hajasikia jibu: "Nimeuliza, huyu ni mtoto wa nani?"

Kukawa na kimya. Sitaki kutia chumvi. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeomba msamaha. Kilikuwa kimya cha watu ambao wameulizwa kitu na hawana jibu, sekunde kumi hivi. Zilitosha kwa vijana wawili wa boda boda kumwinua yule kijana, wakamweka katikati yao kwenye pikipiki na kuondoka naye kuelekea kituo cha polisi. Tairi lilibaki limelala barabarani. Kesho yake watoto walikuwa wanalichezea.

*

Sisi watu wa rika langu tunapenda sana kukumbuka utoto. Tukikutana tu, orodha inaanza: kati, blada, brikicho, kalongolongo, kupikia nyasi kwenye kopo, kutazama runinga ya jirani kupitia dirishani mpaka pazia lifungwe. Tunacheka, tunahisi tumekuwa kitu kimoja. Lakini orodha hizo nazo zina geti na mlinzi. Siku moja tulikuwa wanne kibandani, tunakula chapati madondo, na orodha ikaanza. Mmoja wetu alikulia Runda. Akanyamaza. Mwingine alikulia Lodwar. Naye akanyamaza. Tuliobaki wawili tukaendelea kucheka, na ghafla ikawa wazi kwamba tulichokuwa tunakiita "utoto wetu" kilikuwa utoto wa mitaa fulani, wa watu wenye mifuko ya aina fulani.

Yule wa Lodwar ndiye aliyebadilisha mazungumzo. Akauliza, "Nyinyi mlikuwa mnaogopa nini zaidi?"

Nilitarajia majibu manne tofauti. Tulipata moja. Sote tuliogopa kwamba aliyetoka asubuhi hatarudi jioni. Yule wa Runda alisema alikuwa akikaa kwenye ngazi na dada wa kazi, akingoja honi ya gari la mama yake getini, na mpaka leo akisikia honi yenye mlio kama ule, mabega yake yanashuka. Yule wa Lodwar alipelekwa shule ya bweni akiwa darasa la nne, na siku ya kutembelewa alikuwa akisikiliza ngurumo za lori, kwa sababu baba yake alikuwa akipata lifti ya malori. Wa tatu alilelewa na nyanya yake Mumias. Alikuwa akingoja kikohozi chake njiani. Mimi nilikuwa nangoja slipa za mama kwenye koridoo ya ploti, ule mguu wa kulia unaoburuta kidogo.

Honi, lori, kikohozi, slipa. Vitu vinne ambavyo havina uhusiano wowote, na kila mmoja wetu alikuwa na chake ambacho angekitambua hata leo akiwa usingizini. Hakuna aliyenyamaza tena mpaka bili ikaja.

*

Baadaye niligundua kwamba jambo hili limewahi kuchunguzwa, na kwamba sehemu kubwa ya uchunguzi huo ilianzia hapa kwa majirani. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda na mumewe, aliyekuwa amepata kazi Kampala. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi London na daktari John Bowlby, aliyekuwa akichunguza kinachowapata watoto wanapotenganishwa na mama zao. Ainsworth akaanza kutembelea familia 26 za vijijini karibu na Kampala, akikaa kwenye vyumba vyao vya wageni, akitazama tu jinsi watoto wachanga wanavyoishi na mama zao. Aliona mtoto anavyotambaa kwenda kupeleleza kitu, anageuka kuhakikisha mama bado yupo, kisha anaendelea. Aliona kilio mama anapotoka, na jinsi mtoto anavyomkimbilia anaporudi. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka 1967. Alipohamia Marekani, katika jiji la Baltimore, alifanya uchunguzi kama huo kwa familia za huko, na msingi ukawa uleule. Kwa hivyo wanafunzi wa saikolojia duniani kote wanaposoma habari za mtoto na mama yake, wanasoma kwa sehemu fulani habari za watoto wa Buganda.

Lakini hapa lazima niwe mwangalifu, maana ni rahisi mno kusema "binadamu wote ni wamoja" na kwenda kulala. Malezi hayafanani. Robert LeVine, mwanaanthropolojia wa Marekani, na wenzake walichunguza malezi ya Wagusii hapa Kenya, na kitabu chao kikatoka 1994. Walichokiona kiliwashangaza wasomaji wa kwao: mama wa Kigusii hakuwa na mazoea ya kumtazama mtoto machoni kwa muda mrefu wala kupiga naye soga kama wafanyavyo mama wengi wa mijini Marekani. Mtu wa mbali angeweza kudhani hakuna upendo. Ila mtoto akilia, mama huyohuyo alikuwa mwepesi kumshughulikia, mwepesi kuliko yule wa Marekani mwenye maneno matamu. Upendo ulikuwa na sura nyingine. Kilio kilikuwa kilekile.

Ndiyo maana nadhani tunakosea tunapotafuta undugu wetu kwenye michezo, nyimbo na peremende za utotoni. Hivyo ni vya mahali na wakati. Kilicho cha kila mtu ni hali moja tuliyoanzia sote: tulikuwa wadogo, hatukuweza kujilisha, na uhai wetu wote ulitegemea mtu ambaye hatukuwa na uwezo wa kumlazimisha arudi. Tajiri alipitia hapo. Rais alipitia hapo. Polisi anayekuomba kitambulisho saa tano usiku alipitia hapo. Kuna wengine ambao yule waliyemngoja hakurudi, na wengine ambao yule aliyerudi ndiye waliyepaswa kumwogopa. Hata wao walingoja.

Na hali hiyo haiishi ukipata kitambulisho. Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, nikiwa na miaka 21. Karo ilikuwa sehemu ya sababu, sehemu nyingine ilikuwa mimi mwenyewe. Kwa miezi saba sikumwambia mama. Alipopiga simu nilikuwa namwambia niko maktaba. Nilikuwa mtu mzima, nakatwa kodi, nimepiga kura, na bado nilikuwa najificha kama mtoto aliyevunja kikombe na kukisukuma chini ya kochi. Niliposhindwa kuendelea na uongo nikampigia, nikasema yote kwa pumzi moja. Alinyamaza muda mrefu. Nikasikia jogoo wa jirani yake. Kisha akauliza, "Na lile godoro, uliliacha na nani?"

Lile godoro alilolinunua kwa pesa za chama tulipokuwa tunapakia vitu vya kuripoti chuoni. Nikamwambia bado ninalo. Akasema, "Haya." Nilikaa kitandani, juu ya godoro lenyewe, nikalia kama ningekuwa na miaka sita. Mpaka leo hatujazungumza zaidi ya hapo kuhusu chuo. Sidhani kuna haja.

*

Sasa ningependa kuishia hapo, kwamba sote tulikuwa watoto, kwa hivyo tupendane. Lakini ninakumbuka Januari 2008, na kumbukumbu hiyo hainiruhusu.

Nilikuwa na miaka tisa, tunaishi Nakuru. Nchi ilikuwa imechomeka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kabla ya mambo kutulia, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wamefurushwa makwao. Nakuru ilichelewa kulipuka, lakini mwishoni mwa Januari ikalipuka, mpaka kafyu ikawekwa. Mama yangu alikuwa akiuza mitumba mjini. Baba alikuwa akifanya kazi mbali. Jioni moja ya wiki hiyo nilikuwa getini namngoja mama, na kando yangu alikuwa amesimama mvulana wa mlango wa tatu, mwenzangu wa bano, akimngoja baba yake. Hatukuwa tunacheza. Tulikuwa tunasikiliza. Mimi nasikiliza slipa, yeye anasikiliza baiskeli. Kama kuna wakati wowote ambapo watu wawili wamewahi kuhisi kitu kimoja, ni pale.

Wakaja vijana kama wanane, wana fimbo na panga. Mmoja wao akatuuliza, "Nyinyi ni watoto wa nani?"

Unaona? Ni swali lilelile, neno kwa neno.

Mimi nikajibu haraka. Nilitaja jina la baba yangu, yote mawili, kwa sauti ya darasani, kwa sababu hata kwa miaka tisa nilikuwa nimeshaelewa jina gani lilikuwa salama kwa watu gani. Nikanyamaza. Mwenzangu hakusema kitu. Nilijua kwa nini hasemi, na sikumsaidia. Nilihisi hofu yake kabisa, ilikuwa hofu yangu mwenyewe, na bado nilisogea kando hatua moja. Hiyo hatua moja naikumbuka kuliko panga.

Mama mmoja wa ploti, aliyekuwa akiwasha jiko, akajibu bila kuinua kichwa: "Hao ni watoto wa hapa."

Wakasimama kidogo, wakaenda. Baba ya mwenzangu alirudi usiku, mzima. Alfajiri familia yao ikapanda lori kwenda uwanja wa maonyesho, ambako watu waliofurushwa walikuwa wamekusanyika, na sijawahi kumwona tena. Bano zake aliniachia kwenye kopo la Kimbo. Hakusema ananiachia. Nilizikuta tu mlangoni.

Kwa hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba tukikumbuka tulivyohisi tukiwa wadogo, basi tutakuwa wema. Mimi sikuhitaji kukumbuka, nilikuwa mdogo wakati huohuo, nikihisi kitu hichohicho dakika hiyohiyo, na nilisogea. Kuhisi pamoja hakutoshi. Hofu ya pamoja inaweza hata kutugawanya upesi zaidi, maana kila mmoja anakimbilia mlango wake.

*

Lakini swali lile limenifunza jambo jingine. Kumbe "mtoto wa nani" ni maswali mawili yaliyovaa nguo moja.

Swali la kwanza linatafuta ukoo. Linataka kujua wewe ni wa damu ipi, ili lijue likufanye nini. Jibu lake limeshaandaliwa na lina methali yake: mtoto wa nyoka ni nyoka. Ukishaitwa mtoto wa nyoka, hakuna haja ya kukusikiliza, kwa sababu nyoka haulizwi. Hilo ndilo swali la vijana wa panga. Hilo ndilo aliloliitikia yule aliyesema "wa shetani." Na mimi nilipopiga teke, nilikuwa nimelijibu kimoyomoyo: huyu ni mtoto wa wale waliochukua simu yangu.

Swali la pili linatafuta mtu anayengoja. Linauliza: huyu asiporudi leo, ni nani atakayekaa akisikiliza njia? Mwenye swali hili hajali kabila wala kosa. Anataka tu kuhakikisha kwamba kabla ya jambo lolote kufanyika, kila aliyepo amekumbuka kwamba kitu kilicholala pale chini kimewahi kubebwa mgongoni.

Najua utaniuliza: kwani mwenye simu hana mama? Anaye. Yule abiria pia ana watu wanaomngoja, na mimi niliponyang'anywa yangu hakuna aliyeuliza mimi ni mtoto wa nani. Sisemi wizi ni kitu kidogo. Sisemi mwizi aachiliwe akale keki. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, inasema mtu anayeshtakiwa achukuliwe kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine. Ni sheria nzuri, nilikuwa naijua kabla ya Ijumaa ile. Haikuuzuia mguu wangu. Kilichouzuia ni neno "Mama." Sheria inamwambia hakimu afanye nini. Bado tunahitaji kitu cha kutuzuia sisi kabla ya mtu kumfikia hakimu akiwa hai.

Utaniuliza pia: na asiyekuwa na mtu? Wapo watoto wa mitaani wanaolala nje ya maduka River Road, wapo waliolelewa kwenye makao, wapo waliotupwa. Ukiwauliza ni watoto wa nani, umewachoma kidonda. Hili lilinisumbua kwa muda mrefu, kwa sababu kama thamani ya mtu inatokana na kuwa na mtu anayemngoja, basi asiye na wa kumngoja ni halali kwa tairi. Kisha nikamkumbuka yule mama wa jiko, Nakuru. Swali waliulizwa watoto wawili. Aliyejibu ni mtu mzima. Na hakusema "ni wangu," hangeweza kudanganya, walikuwa wanamjua. Alisema "wa hapa." Pale mtoto aliposhindwa kujibu, kujibu kukawa kazi ya aliye karibu.

Nadhani hapo ndipo utoto unatufunga pamoja kwa njia yenye maana. Sote tulianza maisha tukiwa hatuwezi kujijibia. Kila mmoja wetu aliye hai yuko hai kwa sababu kuna siku mtu mwingine alijibu kwa niaba yake, akasema huyu ni wa hapa, mpeni maziwa, mfunikeni, msimguse. Hatukumbuki siku hizo, wala hatuna risiti. Hilo ni deni, na waliotukopesha hawalidai. Tunalilipa kwa yule atakayelala chini mbele yetu akiita mtu asiyeweza kufika.

*

Wiki mbili baada ya kisa kile nilienda kununua sukuma kwa Shosho. Nilikuwa nimebadilisha njia kumwepa. Nikamwuliza kama anamjua yule kijana.

"Nimjue wapi?"

"Si ulikuwa unauliza ni mtoto wa nani?"

"Nilikuwa nawauliza nyinyi," akasema, akaendelea kukata. Shosho hukata sukuma nyembamba sana, bila kutazama.

Ningeweza kulipa nikaenda. Pesa nilikuwa nazo mkononi. Badala yake nikamwambia, "Shosho, mimi nilimpiga. Teke moja."

Kisu kikasimama. Akanitazama kwa mara ya kwanza, nadhani, kwa maana kabla ya hapo nilikuwa mteja tu wa sukuma za ishirini. Aliniangalia kutoka viatuni mpaka usoni, vile mama wa ploti humwangalia mtoto aliyevunja dirisha.

"Na wewe," akauliza, "ni mtoto wa nani?"

Nina miaka 27. Nikapata tumbo joto kama zamani. Nikamtajia jina la mama yangu.